Peter Brook: Mwongozaji aliyeacha kumbi kubwa akatandika zulia

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa mwaka 1972, kundi la waigizaji kutoka Paris liliwasili Algeria, kisha likakata Jangwa la Sahara kuelekea Niger, Nigeria, Benin na Mali. Halikuwa na pazia wala mapambo. Kila lilipofika kijijini lilitandika zulia, watu wakalizunguka, maigizo yakaanza.

Kiongozi wa msafara huo alikuwa Peter Brook, Mwingereza ambaye wakati huo alikwisha kupata karibu kila heshima ambayo mwongozaji wa tamthilia angeweza kuitamani nchini kwake. Ni kitu gani kilimfanya ayaache yote hayo?

Brook alizaliwa London, Machi 21, 1925, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Latvia. Baada ya masomo ya Oxford alipanda haraka. Akiwa kijana wa miaka 22 alikabidhiwa uongozaji wa opera katika ukumbi wa Covent Garden. Mwaka 1949, opera ya Salome, ambayo mapambo yake yalibuniwa na mchoraji Salvador Dalí, ilizua kelele nyingi, na haukupita muda akaondoka.

Tamthilia za Shakespeare ndizo zilizomjengea jina. Mwaka 1955 alimwongoza Laurence Olivier katika Titus Andronicus, na mwaka 1962 Paul Scofield katika King Lear. Mwaka 1970 aliigiza ndoto na mahaba ya msituni bila mti hata mmoja: waigizaji wa A Midsummer Night's Dream walining'inia kwenye bembea za sarakasi ndani ya kuta nyeupe.

Kiini cha fikra zake kimo katika kitabu cha The Empty Space cha mwaka 1968. Hoja yake ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitekeleza: mchezo unamhitaji anayetenda na anayetazama, mengine ni nyongeza. Ndiyo maana alihamia Paris mwaka 1970, akakusanya waigizaji wa mataifa mbalimbali. Zulia lilikuwa mtihani wa hoja hiyo mbele ya watu wasioijua lugha ya waigizaji wala sifa zao.

Mwaka 1974 kundi hilo lilipata makao katika Bouffes du Nord, ukumbi chakavu ambao Brook aliuacha na makovu yake ukutani. Hapo mwaka 1975 aliigiza The Ik, mchezo kuhusu njaa na kusambaratika kwa Waik wa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1985, mjini Avignon, likafuata Mahabharata, onyesho la takriban saa tisa.

Kazi hizo mbili zilimletea sifa, lakini pia maswali. Kitabu cha Colin Turnbull, kilichokuwa msingi wa The Ik, kilipingwa baadaye na watafiti waliosema kiliwachora Waik vibaya. Nao baadhi ya wasomi wa India walimlaumu Brook kwa kuichukua Mahabharata na kuitenga na imani za wenyewe.

Brook alifariki dunia Paris, Julai 2, 2022, akiwa na miaka 97. Alithibitisha kwamba zulia linatosha kuwa jukwaa. Ambalo hakulimaliza ni swali la nani ana haki ya kusimama juu yake na kusimulia habari za mwingine.