CD Player ya Mzae Imeandika "NO DISC"? Cheki Haya Kabla Upigwe Doo na Fundi

Jumapili mchana. Nyama inatokota, umeitoa ile CD ya rhumba kwa kava, ukaiweka kwa trei polepole kama mtoto mchanga. Trei ikaingia, ikalia kidogo, ikanyamaza. Halafu kioo kikaandika "NO DISC". Na diski umeiweka mwenyewe!

Mimi ilinipata. Mashine ni ya mzae wangu, ile ya bei kali, nzito kama mtungi wa gesi. Nikaibeba hadi tao. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Aliangalia kioo tu, akasema: "Lenzi imededi. Leta 12,000." Nikamwambia narudi, na sikurudi. Nikaifungua mwenyewe kwa meza ya kula, na shida ikawa vumbi na grisi iliyokauka. Sikumaliza hata soo tano.

Sisemi mafundi wote ni wakora. Kuna wasee wanajua hii kazi kuliko waliotengeneza mashine. Lakini ukienda bila kujua kitu, wewe ndio biashara ya siku hiyo. So wacha tuelewane kwanza hii kitu hufanya kazi aje.

Inasoma aje?

CD ziliingia sokoni mwaka wa 1982, kazi ya Sony na Philips. Ndani ya mashine kuna laser ambayo macho hayaioni. Inapita kwa lenzi ndogo kama punje ya dengu, na hiyo lenzi inaning'inia, inapanda na kushuka ikitafuta kuona diski vizuri.

Tofauti na santuri, CD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Kitu ya kwanza mashine hutafuta ni orodha ya nyimbo, na hiyo iko karibu kabisa na tundu la katikati. Ikikosa kuisoma, inakwambia hakuna diski. Kwa hivyo shika hii: "NO DISC" inamaanisha "sioni". Haimaanishi "nimekufa".

Kabla ushike bisibisi

Chomoa plagi kwa ukuta, si kuzima swichi tu. Ngoja dakika kadhaa, juu kapasita kubwa za ndani huweka moto hata baada ya kuchomoa, na stima yetu ni volti 240, si ya kuchezea. Usiwahi kuchungulia lenzi mashine ikiwa imewaka bila kifuniko. Hiyo laser huioni, lakini jicho lako inalipata.

Na kama mashine ilitoka Japani, soma kibandiko cha nyuma. Za huko ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwa ukuta wa Kenya, utaona moshi kabla uskie wimbo. Hiyo lazima ipitie transfoma.

Sasa soma dalili

1. Anza na diski, si mashine. Jaribu CD tatu orijino, safi. Zile za kuchomewa kwa kompyuta huwa ngumu kusoma, na laser ikianza kuchoka hizo ndizo hukataliwa kwanza. CD-RW ndio mbaya zaidi, mashine nyingi za zamani hazizioni kabisa. Kupangusa diski, toka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu. Usizungushe.

2. Inaruka mahali pamoja kila mara? Hiyo ni mkwaruzo kwa diski. Toa hiyo CD, mashine yako iko sawa.

3. Inaruka popote, ama nyimbo za mwisho zinasumbua na za kwanza ziko fiti? Cheki reli. Laser huteleza juu ya reli kutoka ndani kwenda nje, na grisi ya miaka 20 hugeuka gundi. Hapo laser inakwama njiani.

4. Trei inatoka nusu ama lazima uivute? Mashine nyingi zina mkanda mdogo wa mpira unaosukuma trei. Mpira umelegea tu. Hii ndio ripea rahisi kuliko zote.

5. Dakika zinahesabu lakini hakuna sauti? Laser iko sawa kabisa. Badilisha waya, jaribu tundu lingine la amplifaya, kama kuna tundu la hedifoni skiza hapo. Mtu akikuuzia lenzi kwa shida kama hii, hapo ni kupigwa mchana.

6. Haiwaki kabisa? Cheki fyuzi ya plagi, halafu ya ndani. Weka ya nguvu ileile. Ikiungua tena, simama. Kuna kitu kingine kimeungua, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kusafisha yenyewe

Fungua kifuniko, tafuta lenzi. Mara nyingi kuna kipande juu kinachoshika diski. Kitoe polepole, na piga picha na simu kila hatua ndio ukumbuke kurudisha. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiloweshe kidogo na spiriti ya isopropyl, kisidondoke. Gusa lenzi kama unapangusa jicho la mtoto, kisha pitisha kijiti kikavu. Usikandamize, juu zile waya zinazoishika ni laini sana. Na usitumie petroli, wala ile ya kutoa rangi ya kucha. Lenzi nyingi ni plastiki, zitayeyuka.

Kwa reli, toa grisi ya zamani yote, kisha paka nyeupe ya plastiki, kidogo sana. Mafuta ya kupikia na ya kujipaka wacha yakae huko yalikotoka.

Mkanda ukiwa umelegea, beba ule wa zamani ukienda kununua mwingine. Lakini kumbuka umevutika, so chukua mdogo kidogo kuuliko.

Skrubu ya wakora

Sasa hii ndio sehemu nilitaka uskie. Laser nyingi zina kiskrubu kidogo sana ubavuni, cha kurekebisha nguvu yake. Kuna watu hukizungusha kidogo, laser inawaka zaidi, CD inasoma, unalipa pesa ya "lenzi mpya". Unaenda home ukichekelea. Baada ya muda laser inaungua, na safari hii imekufa ukweli. Usikiguse. Na ukipeleka mashine kwa fundi, piga picha ya laser ukienda na uitishe ile ya zamani ukirudi. Kama aliibadilisha, atakuwa nayo.

Je, kama laser imekufa kweli?

Hutokea. Umesafisha, lenzi inapanda na kushuka, lakini CD orijino zote zinakataa, na za kuchomewa zilianza kukataa kitambo. Hapo tafuta namba iliyoandikwa kwa laser. Mashine nyingi za bei kali zilitumia laser za kawaida tu, kama Sony KSS-213 ama KSS-240A, zilezile zilizowekwa kwa mashine za bei ya chini. So usikubali kulipa bei ya jina lililo mbele ya mashine. Lakini feki zimejaa, nunua mahali utarudishiwa pesa. Mpya huja na tone dogo la risasi ya kuchomelea, la kuilinda na umeme tuli. Lisipotolewa baada ya kuunganisha, mashine haitasoma na utadhani umeuziwa mbovu.

Yangu haikufika huko. Niliirudisha kwa kabati jioni, nikaweka ileile CD. Mzae hakusema kitu. Alichukua rimoti tu, akaongeza sauti.

Yako pia, ifungue kwanza kabla uitupe. Pengine haioni tu.