Ipime Sinthesaiza kwa Orutu

Bendi nyingi za ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, zinazotumbuiza Homa Bay na Migori siku hizi humwachia mpiga kinanda kazi iliyokuwa ya orutu, ile fidla ya Waluo yenye uzi mmoja. Ndiyo maana prodyuza wa huko akinionyesha programu mpya ya majaribio ya kuunda sauti, namtaka kwanza ajaribu kuteleza nayo kutoka noti hadi noti, kama kidole kinavyoteleza kwenye uzi ule.

Wengi huhesabu sauti zilizokwisha tayarishwa. Zikiwa elfu moja, programu inaonekana mali. Mimi hazinishughulishi. Rekodi ya orutu iliyokatwa vipande na kugawiwa vibonye vya kinanda hurudia yaleyale, na mpigaji hubaki na machache ya kuamua.

Sinthesaiza hasa huikokotoa sauti papo hapo. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alexander Strong walichapisha njia fupi ajabu ya kuiga uzi unaocharazwa. Kelele ya muda mfupi sana huzungushwa katika kumbukumbu ya kompyuta, na kila inapozunguka, namba zilizo jirani hutafutiwa wastani. Makali ya sauti hupungua upesi, mlio ukabaki na kufifia polepole, kama wa nyatiti, kinubi cha Waluo. Kompyuta ikisoma sampuli 44,100 kwa sekunde, mzunguko wa sampuli 100 hutoa noti ya takriban hezi 440. Ukiurefusha mzunguko, noti inashuka. Ukilainisha kelele ya mwanzo, ni kana kwamba umecharaza kwa kidole kingine. Hesabu ni ya mistari michache tu, lakini mpigaji amepewa nafasi ndani yake. Hapo ndipo ninapoiona thamani.

Halafu kuna ulinganishaji wa noti. Nyuzi 8 za nyatiti hukazwa kwa sikio la mpigaji, wala hazifungwi na noti 12 za piano. Surge XT, inayopatikana bure na msimbo wake ukiwa wazi, hupokea mizani ya noti unayoitaka wewe. Programu ya bei ghali isiyoweza hilo siinunui.

Mwisho, kasi. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuitoa) ya sampuli 1,024 pekee huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, na ngoma za ohangla hazisubiri. Ya sampuli 128 huchelewesha kama 3 tu, ila kompyuta dhaifu huanza kukwaruza. Programu ikikwaruza hapo, iache studio, uirekodi kwanza, kisha upande jukwaani na rekodi hiyo.