SOKO HURU KATIKA MAZAO YENYE HATUA NYINGI: FUNZO LA TUMBAKU YA SIKONGE

Husemwa kuwa wanunuzi wakizidi, mkulima hunufaika. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Zao linalopita hatua kadhaa ni kama nyumba yenye milango mingi: faida ya kufungua mlango wa kwanza hutegemea upana wa mlango wa pili.

Mfano ulio wazi ni Sikonge, Mkoa wa Tabora, nchi ya Wanyamwezi ambao misafara yao ilifika hadi pwani. Mkulima wa tumbaku huko hukopa mbolea kupitia chama cha msingi, hukausha majani katika mabani kwa moto wa kuni, kisha huuza. Baada ya hapo tumbaku ilisafirishwa hadi viwanda vya kusindika vya Morogoro, zaidi ya kilomita 600 kwa reli.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ununuzi na usindikaji vilisimamiwa na bodi ya umma. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu makampuni binafsi kuingia. Hata hivyo, kiwanda huhitaji mtaji mkubwa. Mnunuzi asiye nacho hulazimika kumtegemea mwenye nacho, ambaye ni mshindani wake sokoni. Kwa hiyo wanunuzi walibaki wachache. Na mwaka 2005 makampuni mawili ya kigeni, Dimon na Standard Commercial, yaliungana kuwa Alliance One, hesabu ikapungua tena.

Kwa upande mwingine, kuingia bila utaratibu nako kuna madhara. Mnunuzi asiyetoa mkopo akiongeza bei kidogo, huondoka na tumbaku iliyokuzwa kwa mbolea ya mwenziwe. Deni lisipolipwa, mkopeshaji hujitoa, na msimu unaofuata shamba hukosa mbolea. Ndiyo maana Sheria ya Tumbaku ya mwaka 2001 iliweka bodi ya kusimamia zao hilo na leseni kwa wanunuzi.

Funzo hili linagusa Visiwa pia. Wakulima wengi wa mwani wamekuwa wakipewa kamba na makampuni yanayonunua zao hilo, na sehemu kubwa ya mwani husafirishwa nje mkavu bila kusindikwa.

Kwa hiyo, kila litakapojadiliwa suala la kuongeza wanunuzi wa zao lolote, inafaa yaulizwe kwanza mambo matatu: nani anamiliki hatua inayofuata, nani anamkopesha mkulima, na deni hilo litalipwaje. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha iwapo neema ya soko huru itamfikia mzalishaji au itaishia njiani.