Makohozi Yasipoonyesha Kifua Kikuu

Katika machimbo ya Nyarugusu mkoani Geita, kama katika machimbo ya Kahama mkoani Shinyanga, dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya mawe magumu ya kwatsi. Wachimbaji wadogo huyavunja mawe hayo ndani ya maduara, kisha huyasaga kwa karasha mpaka yawe unga. Kazi hiyo hutoa vumbi la silika. Mchimbaji aliyevuta vumbi hilo kwa miaka mingi akianza kukohoa, kukonda na kutokwa jasho usiku, hushukiwa kuwa na kifua kikuu. Makohozi yake hupimwa kwa hadubini, na jibu huja kwamba bakteria hawakuonekana. Je, jibu hilo lathibitisha kwamba mtu huyo hana kifua kikuu? La, halithibitishi.

Bakteria wa kifua kikuu alitambuliwa na Robert Koch, daktari Mjerumani, mwaka 1882. Ukuta wake una nta nyingi. Akiisha kutiwa rangi nyekundu huishika, hata akioshwa kwa asidi. Chini ya hadubini huonekana kama kijiti chekundu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977, ulitegemea sana kipimo hicho, kwa kuwa ni rahisi na huwagundua hasa wagonjwa wanaoambukiza zaidi.

Udhaifu wake waweza kuelezwa kwa hesabu. Makohozi yanayopakwa kwenye kioo ni takribani mililita 0.01. Ili kukitazama kioo chote, mpimaji angehitaji kupitia maeneo yapatayo 10,000. Kwa kawaida hutazama 100. Basi amechunguza mililita 0.0001 tu. Iwapo kila mililita ina bakteria 10,000, atatarajia kumwona mmoja. Wakiwa 1,000, yaelekea hatamwona hata mmoja, ingawa mgonjwa ni mgonjwa kweli.

Wagonjwa wenye bakteria wachache katika makohozi ni wengi. Wamo watoto, ambao humeza makohozi badala ya kuyatema, na wale ambao ugonjwa wao ungali mchanga. Wamo pia watu wenye virusi vya UKIMWI. Mashimo ya mapafuni, ambayo hujaa bakteria na kuwamwaga katika njia ya hewa, hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga ya mwili yenyewe. Kinga ikiwa dhaifu sana, mashimo huwa machache na makohozi huwa na bakteria wachache, hata kama ugonjwa umeenea mwilini.

Kwa mchimbaji kuna utata zaidi. Chembe za mwili zinazomeza bakteria mapafuni humeza vumbi la silika pia, nalo huziharibu. Hivyo vumbi humfanya apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Tena, vumbi peke yake huleta ugonjwa wa silikosisi, wenye kikohozi na upungufu wa pumzi. Katika picha ya eksirei, makovu ya silikosisi mara nyingi huonekana sehemu ya juu ya mapafu, mahali ambapo kifua kikuu nacho hupenda kukaa.

Kwa sababu hiyo tabibu hukusanya ushahidi kutoka pande kadhaa. Kwanza huomba makohozi mengine, hasa ya alfajiri, yaliyotoka ndani kifuani wala si mate. Pili, hutumia kipimo cha vinasaba cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Kipimo hicho huweza kugundua bakteria wapatao 130 katika mililita moja, na hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Tatu, bakteria huweza kuoteshwa maabara. Lakini hugawanyika mara moja tu katika saa 20 hivi, na jibu huweza kuchukua wiki 8. Picha ya eksirei husomwa pamoja na historia ya kazi: mgonjwa alifanya kazi duarani au kwenye karasha miaka mingapi? Picha yake ya zamani, kama ipo, hulinganishwa na mpya. Kivuli kilichokua kwa miezi michache huongeza shaka ya kifua kikuu, kwa maana silikosisi kwa kawaida huenda polepole.

Kosa la kila upande lina gharama. Mwenye kifua kikuu akirudishwa kambini bila dawa, huzidi kuugua na huweza kuwaambukiza wanaolala naye chumba kimoja. Mwenye silikosisi pekee akipewa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6, hapati nafuu yoyote, naye huendelea kuvuta vumbi lilelile. Kwa hiyo jibu la “hawakuonekana” ni mwanzo wa uchunguzi. Mchimbaji anayeendelea kukohoa baada ya jibu hilo anapaswa kurudi kituoni, na kumweleza tabibu kazi anayoifanya.