Namna Bora ya Kufunika Tela na Mzigo Wake

Madereva wa malori hutuuliza swali moja mara kwa mara: kwa nini askari wa usalama barabarani amsimamishe mtu kwa ajili ya turubai lililolegea, ilhali breki zake ni nzima, taa zake zinawaka na leseni anayo? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kamili badala ya amri tupu. Kwa hiyo tumeonelea vyema tulieleze jambo hili kwa kirefu, tukiwalenga madereva na utingo wanaoleta bidhaa Kigali kutoka Dar es Salaam na Mombasa, wasafirishaji wa mchanga na matofali ndani ya jiji, na hata wale wenye tela ndogo za kuvutwa na gari la kawaida.

Jibu kwa ufupi ni kwamba turubai ni kifaa ambacho ubovu wake humwumiza mtu mwingine. Dereva aliyelegeza turubai yuko mbele, ndani ya kibanda chake, wala hasikii lolote. Anayepata madhara ni yule anayemfuata.

Kinachotokea nyuma ya lori

Tuchukue mfano wa lori lenye mchanga linalopanda mlima kutoka Nyabugogo kuelekea katikati ya jiji. Mchanga umejazwa hadi juu ya mbao za pembeni, na turubai limetupwa juu yake bila kufungwa. Kila lori linapotikisika, mchanga kidogo humwagika. Dereva haoni hasara yoyote, maana ni konzi chache tu katika mzigo mzima. Lakini konzi hizo zikitua juu ya lami kwenye kona au mzunguko wa barabara, zinakuwa kama punje za mtama juu ya sakafu. Mwendesha pikipiki anayeinamisha chombo chake ili apinde hupoteza mshiko wa gurudumu la mbele, akaanguka pamoja na abiria wake. Kofia ngumu humlinda kichwa. Haimlindi goti wala bega.

Mawe na vipande vya matofali ni hatari zaidi. Jiwe lidondokalo kutoka kwenye lori hukutana na kioo cha gari linalofuata likiwa na mwendo wa gari hilo, si mwendo wa jiwe peke yake. Vumbi nalo huingia machoni kwa ghafla, na dereva anayefumba macho kwa sekunde moja tu katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa huwa amekwenda zaidi ya mita 16 bila kuona.

Kuna hatari nyingine ambayo wenyeji wa nchi hii yenye milima wanaifahamu vyema. Baadhi ya waendesha baiskeli hushika nyuma ya malori ili wavutwe wanapopanda mlima. Tumekwisha kuwaonya mara nyingi, nasi tutaendelea kuwaonya, kwa kuwa tabia hiyo imegharimu maisha. Lakini ncha ya kamba ya turubai inayoning'inia nyuma ya tela ni mwaliko kwa kijana aliyechoka. Tena kamba hiyo hiyo yaweza kunasa kwenye gurudumu la pikipiki inayopita.

Kwa sababu hizo, wajibu wa kupanga na kufunga mzigo umewekwa katika sheria za nchi nyingi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka mzigo upangwe na, ikibidi, ufungwe ili usihatarishe watu, usiburuzike wala kuanguka barabarani, usimzuie dereva kuona, usiyumbishe chombo, usitimue vumbi linaloweza kuepukika, wala usifunike taa na kibao cha namba. Ukiyasoma masharti hayo kwa makini utaona kwamba turubai lililofungwa vibaya laweza kuyavunja karibu yote kwa mara moja.

Mzigo hufungwa kwanza, kisha hufunikwa

Kosa tunaloliona sana ni la kudhani kwamba turubai linashikilia mzigo. Turubai huzuia mvua, jua, upepo na macho ya wezi. Halizuii mizigo mizito isisogee. Magunia, mapipa au nondo vikisukumana kwenye kona kali, turubai litapasuka kama karatasi. Kwa hiyo mzigo ufungwe kwanza kwa kamba imara, minyororo au mikanda ya kukazia, nao ujaribiwe kwa kuusukuma. Mzigo ukikataa kusogea, ndipo ufunikwe.

Mzigo wa mchanga, kokoto au udongo usawazishwe kwanza kwa koleo, nao ubaki chini ya ukingo wa mbao za pembeni. Rundo lililopanda juu ya ukingo litamwagika hata likifunikwa, kwa kuwa mtikisiko hulisukuma kandokando.

Hatua za kufunika

Kwanza, kagua turubai likiwa chini. Litandaze mahali pasafi, tafuta matundu, mishono iliyoachia na pete za chuma zilizong'oka. Tundu la ukubwa wa kidole huonekana dogo, lakini upepo huingia hapo na kulipanua kadiri safari inavyoendelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiraka cha leo ni nafuu kuliko turubai jipya la kesho.

Pili, funika ncha kali. Kona za masanduku, ncha za nondo na vichwa vya misumari vizungushiwe magunia makuukuu au vipande vya mpira kabla turubai halijapita juu yake.

Tatu, ikiwa maturubai ni mawili au zaidi, anza kutandaza nyuma na umalizie mbele, ili turubai la mbele lilalie lile la nyuma. Ni kanuni ile ile ya fundi anayeezeka mabati: huanza chini ya paa na kupanda juu, ili maji yasipite kwenye maungio. Kwenye gari, maungio hukingwa dhidi ya maji pamoja na upepo unaotoka mbele.

Nne, kunja pembe ili kila ukingo ulio wazi uelekee nyuma. Ukingo unaotazama mbele ni kama mdomo uliofunguliwa. Upepo utauingia na kulijaza turubai kama tanga la jahazi. Ikumbukwe pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Turubai lililotulia katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa laweza kung'oka katika kilomita 80.

Tano, kaza kamba kwa kupokezana pande mbili, kushoto na kulia, ili turubai lisivutwe upande mmoja. Watumiao mipira iliyokatwa kutoka kwenye matairi chakavu waitazame kabla ya kuivuta: mpira wenye nyufa hukatika ghafla na kumrudia mtu usoni. Ncha zote za kamba zizungushwe na kuchomekwa ndani, isibaki hata moja inayoning'inia.

Sita, zunguka gari lote. Taa za nyuma, taa za kuashiria kupinda, vibao vya kung'aa na kibao cha namba vionekane wazi, usiku na mchana.

Tunaomba pia jambo moja kwa ajili ya wale wanaopanda juu. Utingo anaweza kuumia wakati wa kufunika. Tumieni ngazi, msisimame juu ya ukingo wa mbao za pembeni, msipande wakati wa upepo mkali, na daima mtazame nyaya za umeme zilizo juu kabla ya kurusha kamba.

Mvua na jasho la mzigo

Kigali ina misimu miwili ya mvua, ule mrefu wa kuanzia mwezi Machi hadi Mei na ule mfupi wa kuanzia Septemba hadi Desemba. Katika misimu hiyo, turubai lililolegea hutengeneza bwawa katikati yake. Bwawa la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 10 hubeba lita 100 za maji, yaani kilo 100. Uzito huo uko juu kabisa ya mzigo, nao hukimbilia upande mmoja kila gari linapopinda. Dawa yake ni kuweka mti au magunia katikati ili turubai liwe na mgongo kama paa la nyumba, maji yateremke pande zote.

Mchanga usiofunikwa hunywa maji na kuongezeka uzito, hata lori lililopimwa likiwa sawa asubuhi likazidi kiwango jioni. Saruji iliyolowa huganda ndani ya mfuko wake. Kahawa, ambayo ni miongoni mwa mazao makuu ya nchi yetu, hukaushwa kwa uangalifu kabla ya kusafirishwa. Unyevu mdogo tu wa njiani waweza kuiletea ukungu na kuharibu kazi ya mkulima ya msimu mzima.

Mzigo pia hutokwa na jasho. Lori huondoka pwani kwenye joto, likapanda hadi Kigali iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni baridi. Hewa yenye unyevu iliyofungiwa chini ya turubai hugeuka matone. Penye nafasi salama ya kusimama, na mvua ikiwa haipo, ni vyema kufungua upande mmoja mzigo upumue, kisha ufungwe upya.

Baada ya kuvuka Rusumo

Kamba iliyokazwa asubuhi hulegea yenyewe, kwa sababu mzigo hujipanga upya kwa mtikisiko. Kwa hiyo ikaguliwe baada ya kilomita chache za kwanza, kisha kila mnapopumzika. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni mwendo wa kilomita 160 hivi, wenye milima na kona nyingi. Tunawashauri mkague mpakani kabla ya kuanza, na tena mkiwa Kayonza.

Hapa pana jambo linalosahauliwa. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto. Rwanda tunaendesha upande wa kulia. Lori lenye usukani wa kulia likisimama kando ya barabara Tanzania, utingo hushukia majanini na dereva hushukia barabarani. Likivuka Rusumo mambo hugeuka: dereva ndiye anayeshukia majanini, na utingo, aliyezoea tangu Dar es Salaam kuruka chini bila kutazama, anarukia mbele ya magari. Ndugu utingo, tazama nyuma kwanza. Nawe dereva, mkumbushe kabla hajafungua mlango.

Tela ndogo za nyumbani

Maneno haya yanawahusu pia wenye tela ndogo zinazobeba mahema na vyombo vya kupikia wanapokwenda kupiga kambi Akagera au Nyungwe. Tela hizo hukaa uani miezi mingi bila kutumika, na wenyewe huzifunika kwa turubai la aina yoyote lililopatikana. Turubai la plastiki lililobana kila upande hufungia unyevu ndani, likaozesha hema na kutia kutu fremu. Chagueni kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, mwoshe na kukausha tela kabla ya kuifunika, na mwache upenyo wa hewa chini. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu, na kufuli kwenye kiungio cha kuvutia: kifuniko huficha tela machoni pa mpita njia, lakini hakimzuii mwizi aliyekuja na gari lake.

Kifuniko cha kuegeshea kiondolewe kabla ya safari, isipokuwa kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kuvutwa. Kitambaa kilicholegea hupigapiga rangi mpaka ikachubuka, hufunika taa, na mwisho hupeperuka na kutua kwenye kioo cha gari la nyuma.

Wito wetu

Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanzishwa mwaka 2019, hubeba maana ya kufika salama. Usalama huo haumhusu dereva peke yake. Unamhusu pia mama anayevuka barabara, mwendesha pikipiki na mtoto atokaye shuleni, ambao hawajui lori lako limebeba nini wala limefungwa na nani.

Basi askari akikusimamisha na kukuonyesha kamba iliyolegea, usimhesabu kuwa adui wa riziki yako. Shuka, kaza, uendelee na safari. Nawe mwananchi ukiona mzigo unaomwagika barabarani, usimkimbize dereva wala usijaribu kuusafisha katikati ya magari. Simama mahali salama, kariri namba ya gari na mahali lilipo, kisha utupigie simu 113 kwa mambo ya ajali za barabarani, au 112 kwa dharura nyingine yoyote.

Kazi ya kufunga turubai vizuri ni ya muda mfupi, nayo hufanywa mara moja kwa safari. Tunawaomba madereva na utingo wanaoifanya kila siku bila kukumbushwa wawafundishe vijana wanaoanza kazi hii.