Haki za Wafanyakazi wa Mashamba ya Maua Hupimwa Vipi?

Sehemu ya maua na mboga kutoka mashamba ya Nanyuki na Timau huuzwa Ulaya. Kwa hivyo sheria za huko zinamgusa pia mkazi wa Doldol aliyeajiriwa katika mashamba hayo. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2017. Ile ya Ujerumani ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Inazitaka kampuni kubwa zichunguze kama wanaoziuzia bidhaa wanavunja haki za binadamu, na zipime angalau mara moja kwa mwaka kama hatua zilizochukua zimefaulu.

Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza ni kuhesabu kazi iliyofanywa: mafunzo na ukaguzi. Ya pili ni kuangalia kilichobadilika. Je, wanaougua kutokana na dawa za kunyunyizia wamepungua? Mshahara unalipwa kwa wakati? Malalamiko yalitatuliwa baada ya siku ngapi? Hii ya pili ndiyo inayoonyesha hali halisi ya mfanyakazi.

Shamba lisilo na lalamiko hata moja si lazima liwe salama. Huenda wafanyakazi wanaogopa kufutwa, au fomu ni ya Kiingereza ilhali wao huzungumza Kimaasai. Sheria ya Ujerumani inataka jina la mlalamishi liwe siri, naye alindwe asiadhibiwe.

Mwenye lalamiko aandike tarehe, mahali na kilichotokea, kisha aweke nakala. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwakilishi wa wafanyakazi. Anaweza pia kumwona afisa wa leba.