Fahamu: Kwa nini ushindi wa Lissu haukuivunja CHADEMA

Januari 2025, katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, Tundu Lissu, makamu mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alipata kura 513 za uenyekiti dhidi ya 482 za Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004. Wengi hawakutarajia kwamba makamu angemwangusha kiongozi wake wa miaka mingi. Walioshangilia waliona damu mpya. Wenye hofu walisema chama kimegawanyika karibu nusu kwa nusu. Hofu hiyo ina msingi, maana miezi michache baadaye baadhi ya waliokuwa viongozi wake walihamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Lakini kura hazikuzaa mpasuko. Ziliuanika ule uliokuwepo tayari, na kuuficha kusingeuponya.

La msingi zaidi ni kwamba Mbowe alikubali kushindwa na kumpongeza mshindi. Katika siasa zetu, ambako mwenyekiti mara nyingi huonekana ndiye chama chenyewe, hilo ni jambo la kujivunia. Wapo wanaosema heri umoja kuliko ushindani. Hata hivyo, umoja unaoogopa sanduku la kura haudumu. Chama kinachodai uchaguzi huru nchini kilipaswa kuufanya kwanza ndani ya chama, na kiliufanya.